Biti Nyofu, Mifuo Iliyopotoka: Niliyojifunza kwa Kuharibu Mbao za Kabati Moja

Kabati la vitabu nililopanga kulimaliza kwa siku mbili lilinichukua karibu miezi miwili. Lilimeza mbao nne za pembeni badala ya mbili, likavunja biti moja, yaani kile kipande chenye makali kinachozungushwa na mashine ili kikate mbao, likaunguza nyingine, na kwa muda wa wiki nzima likanifanya niiache mashine ya ruta ndani ya sanduku lake kwa sababu, kusema kweli, nilikuwa ninaiogopa. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ilihitaji mifuo mitano katika kila ubao wa pembeni ili kuchomekea rafu, na mfuo wa aina hiyo hukatwa kwa biti ya kawaida kuliko zote, yaani biti nyofu, ambayo makali yake yamesimama wima na huacha kuta mbili zilizonyooka na sakafu tambarare. Kwa kuwa biti hiyo haina umbo la mapambo, nilidhani hakuna cha kuchagua. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyepata ruta kwa mara ya kwanza na anayeamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba ujuzi wote uko mikononi.

Hata kutafuta maelezo hakukuwa rahisi, maana ukiuliza habari za ruta unaletewa vifaa vya intaneti, na ukiuliza habari za biti unaletewa za kutobolea kuta. Kwa hiyo nieleze mapema kwamba ruta ninayoizungumzia ni mashine ya seremala yenye mota iliyosimama juu ya kitako bapa, yenye mishikio miwili, ambayo huzungusha biti kwa kasi inayofika mizunguko 24,000 hivi kwa dakika. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, na mimi nilipewa.

Pamoja na mashine nilinunua kisanduku chenye biti nyingi za maumbo mbalimbali, kila moja imepangwa katika tundu lake na zote zinang'aa. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na ndilo lililozaa mengine. Hadi leo katika kisanduku kile nimetumia biti nne tu, nazo ni zile nyofu ambazo hazikunivutia macho. Laiti fedha ile ningeiweka kwenye biti tatu nyofu za ubora mzuri, yaani moja ya kipenyo cha milimita 6, moja ya milimita 12 na moja ya milimita 18 au 19, ningekuwa na uwezo wa kufanya karibu kila kazi ya kabati, meza na fremu. Jambo baya zaidi ni kwamba sikusoma kilichoandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku. Biti zote zilikuwa na mkia wa milimita 6.

Mkia ni ile sehemu nyembamba ya biti inayoingia ndani ya mashine na kubanwa na koleti, yaani kile kikoba cha chuma chenye mipasuko ambacho hukazwa kwa nati. Mikia huja kwa vipimo vinavyojulikana: robo inchi, ambayo ni milimita 6.35, nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, na pia milimita 6, 8 na 12. Mashine yangu ilikuja na koleti mbili, ya robo inchi na ya nusu inchi. Niliutia mkia wa milimita 6 kwenye koleti ya robo inchi, nikaikaza nati kwa spana, nikaona biti imeshikika, nikaridhika. Tofauti ilikuwa milimita 0.35, na mtu anayepima mbao kwa futi ya utepe hawezi kuamini kwamba tofauti kama hiyo inaweza kumharibia siku.

Mifuo mitatu ya kwanza ilitoka vizuri. Plaiwudi yangu ilikuwa ile inayouzwa kama ya milimita 18, na nilikuwa nimeweka kina cha milimita 9. Nilipofika kwenye mfuo wa nne nilisikia sauti ya mota ikishuka na kuwa nzito, na badala ya kusimama nikasukuma kwa nguvu zaidi, nikidhani nimekutana na fundo katika mbao. Nilipoizima mashine na kuinyanyua niliona mfuo ulioanza na milimita 9 upande mmoja ukaishia na zaidi ya milimita 14 upande wa pili, ukiteremka kama mtaro wa maji. Biti ilikuwa imetoka taratibu kwenye koleti huku mimi nikiisukuma. Nilikaa chini nikautazama ubao ule kwa muda mrefu. Sikukasirika sana kwa ajili ya mbao. Nilichofikiria ni kwamba kama ningeendelea kidogo, kipande kile cha chuma kingetoka chote, kikiwa kinazunguka kwa kasi ile, karibu na tumbo langu.

Nilimpelekea biti na mashine fundi mmoja mzee ambaye amekuwa seremala tangu kabla sijazaliwa. Hakuitazama mashine hata kidogo. Alichukua kalipa, yaani kifaa cha kupimia unene hadi sehemu za milimita, akapima mkia, akanionyesha namba.

“Huu ni wa milimita sita, mwanangu, na koleti yako ni ya inchi.”

“Lakini ilikaza, mzee.”

“Ilikaza kwenye ncha. Koleti inatakiwa ishike mwili mzima.”

Maneno yake niliyaelewa vizuri baadaye. Koleti imechongwa kwa ajili ya kipenyo kimoja, na ikilazimishwa kuminya mkia mwembamba kuliko kipimo chake, haijifungi sambamba bali hugusa sehemu ndogo tu. Mtikisiko wa mashine hufanya kazi iliyobaki. Vivyo hivyo mkia wa milimita 12 usiwekwe kamwe kwenye koleti ya milimita 12.7, hata kama mikono yako inakuambia umeshikika. Wenye mashine za koleti nyingi wanashauriwa wawe na kalipa karibu, kwa sababu macho hayawezi kutofautisha milimita 6 na 6.35.

Ningependa kusema kwamba biti haikunitoka tena, lakini ilinitoka mara ya pili, safari hiyo ikiwa na mkia sahihi. Nilikuwa ninaiingiza biti hadi igonge chini kabisa ndani ya shimo la mota, kisha ninakaza, nikidhani kwamba kadiri inavyoingia ndani ndivyo inavyoshikika. Kumbe nati inapokazwa, koleti huteremka kidogo na kuvuta mkia pamoja nayo. Kama mkia tayari umegota chini, koleti haiwezi kumaliza safari yake, na unachohisi mkononi ni ukinzani wa kugota wala si wa kubana. Tangu siku hiyo ninaingiza biti hadi mwisho, kisha ninaivuta nje kiasi cha milimita 2 au 3 kabla ya kukaza. Kadhalika ninahakikisha kwamba ile sehemu ya mkia inayopanuka kuelekea kwenye makali haiingii ndani ya koleti, kwa kuwa si ya kipenyo kimoja na haiwezi kubanwa sawasawa. Koleti yenyewe ninaipangusa vumbi na utomvu kila ninapobadilisha biti, nikiwa nimekwisha kuchomoa plagi kwenye umeme. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Nikapata biti nyingine yenye mkia wa robo inchi halisi, kipenyo cha milimita 6, na kwa kuwa niliona urefu ni faida nilichagua yenye makali marefu zaidi ya milimita 30. Nilifikiri kwamba biti ndefu itafaa kazi zote, za kina kifupi na za kina kirefu. Nikaweka kina cha milimita 9 kwa safari moja, yaani kwa kuipitisha mashine mara moja tu, nikawasha, na kabla sijafika nusu ya ubao wa pili nikasikia mlio mkali kama wa kioo kinachopasuka. Biti ilikuwa imekatika pale makali yanapokutana na mkia. Kipande kilichokatika sikukiona tena hadi nilipofagia chumba baada ya siku mbili, nikakikuta nyuma ya ndoo upande wa pili wa chumba. Miwani ya kinga nilikuwa nimevaa kwa bahati tu, maana siku zilizotangulia sikuwa nikiivaa.

Sababu yake ni hesabu ya kawaida ya vyuma. Kipande cha chuma kilichoshikwa upande mmoja, kikiongezwa urefu mara mbili, hupinda mara nane zaidi kwa nguvu ileile. Kipenyo kikiongezwa mara mbili, ugumu wake dhidi ya kupinda huongezeka mara kumi na sita, na ndiyo maana mkia wa nusu inchi haulinganishwi hata kidogo na wa robo inchi. Kwa hiyo chagua biti fupi kuliko zote inayotosha kina unachokitaka, na kama mashine yako inapokea nusu inchi, chukua biti yenye mkia wa nusu inchi hata kama makali yake ni membamba. Kuhusu kina cha kila safari, kipimo ninachokifuata sasa ni nusu ya kipenyo cha biti: biti ya milimita 6 hukata milimita 3 kila safari, ya milimita 12 hukata 6, na sivuki 6 hata kwa biti nene. Katika mbao ngumu ninapunguza zaidi. Mfuo wa milimita 9 kwa biti nyembamba ni safari tatu, na safari hizo tatu huisha upesi kuliko muda nilioutumia kutafuta biti nyingine.

Baada ya tukio hilo ndipo mashine ilipokaa wiki nzima ndani ya sanduku. Nilijiambia kwamba nina shughuli nyingi, lakini ukweli ni kwamba kila nilipolitazama sanduku nilisikia ule mlio. Wenye ujuzi huzungumza kana kwamba woga ni dalili ya udhaifu. Makali ya biti ya milimita 18, mashine ikizunguka mara 24,000 kwa dakika, hupita kwa kasi inayozidi kilomita 80 kwa saa, na mtu asiyeogopa chochote mbele ya kitu kama hicho nisingependa kusimama naye katika chumba kimoja. Kilichonirudisha kazini ni kuamua kwamba sitagusa ubao wa kabati mpaka niwe nimekata mifuo ishirini kwenye vipande vya masalio.

Katika masalio hayo niligundua jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza kuambiwa. Ukiishika ruta mikononi na kuitazama kutoka juu, biti huzunguka kuelekea upande wa mishale ya saa. Ukisukuma mashine mbele kukata mfuo, sehemu ya mbele ya biti inakata kutoka kushoto kwenda kulia, na mbao zinajibu kwa kuisukuma mashine kwenda kushoto. Mimi nilikuwa nimefunga ubao wa kuongozea, yaani ule ulionyooka ambao kitako cha ruta huufuata, upande wa kulia, kwa sababu mkono wangu wa kulia ndio wenye nguvu, na nikashangaa kwa nini kila mfuo unapotoka kama njia ya mtu mlevi. Ubao wa kuongozea unatakiwa uwe kushoto kwa mwendo wako, ili mashine ivutwe kuuelekea na kuuegemea yenyewe. Nilipouhamisha, kazi ya mikono yangu ikawa kusukuma tu, na mifuo ikanyooka kuanzia wa kwanza.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoongoza ukataji wa kingo. Unapozunguka ubao kwa nje, mashine iende kinyume na mishale ya saa; unapokata upande wa ndani wa fremu, iende sawa na mishale ya saa; na kama ruta imefungwa chini ya meza na ukuta wa kuongozea uko ng'ambo ya biti, ubao usukumwe kutoka kulia kwenda kushoto. Ukienda upande usiofaa, biti haikinzwi na mbao bali inajaribu kutambaa juu yake kama gurudumu, na mashine inakukimbia mikononi. Lilinipata mara moja tu, kwenye kipande cha masalio kisichozidi kiganja, na nikawa nimejifunza pia kwamba kipande kidogo hakishikwi kwa mkono bali hufungwa kwa jiriwa.

Ubao wa tatu niliukata kwa biti mpya yenye mkia wa nusu inchi na kipenyo cha milimita 18 kamili, kwa safari mbili, na mifuo ilikuwa mizuri kiasi kwamba nilipitisha kidole ndani yake mara kadhaa kwa furaha. Kisha nikachomeka rafu. Zilicheza kama meno ya mtoto yanayokaribia kung'oka. Nilipima plaiwudi kwa kalipa, jambo ambalo kwa kisa cha koleti lingepaswa kuwa limekwisha kunikaa kichwani, nikakuta milimita 17.4. Plaiwudi mara nyingi huwa nyembamba kuliko jina lake, na ile inayoitwa ya robo tatu inchi huko Marekani, ambayo ingekuwa milimita 19.05, hutoka kiwandani ikiwa na takribani milimita 18.3. Pengo la milimita 0.6 ni kubwa mno kwa gundi ya mbao, ambayo hufanya kazi yake vizuri pale nyuso mbili zinapogusana na si pale inapotakiwa kujaza shimo.

Zipo biti zinazotengenezwa kwa vipimo pungufu ili zilingane na plaiwudi, lakini mimi sikuzifuata, kwa sababu shehena inayofuata ya plaiwudi inaweza kuwa na unene mwingine. Njia iliyoniokoa ni kutumia biti nyembamba kuliko mfuo na kuukata mfuo kwa mapito mawili ya sambamba. Unapima unene halisi wa rafu, unatoa kipenyo cha biti, na unachonga kijiti chenye unene uliobaki. Kwangu mimi ilikuwa 17.4 kutoa 12, yaani kijiti cha milimita 5.4, ambacho nilikipunguza kwa randa polepole huku nikikipima. Pito la kwanza unakiweka kijiti kati ya ubao wa kuongozea na kitako cha ruta. Pito la pili unakitoa, kitako kinaegemea ubao wa kuongozea moja kwa moja, na mfuo unapanuka kuelekea kushoto kwa unene uleule wa kijiti. Kwa kuwa ukuta unaokatwa katika pito la pili uko kushoto kwa mwendo, biti inakata kwa ukinzani unaotakiwa na haikimbii. Ningeupanua upande wa kulia kwa mwendo uleule, ningekuwa nimeualika mrusho, yaani mashine kunikimbia mikononi.

Katika kazi hiyo kuna mtego mmoja mdogo. Kitako cha duara cha ruta nyingi hakina kitovu sawasawa na biti, hivyo ukikizungusha kidogo wakati wa kusukuma, mfuo unahama kwa sehemu ya milimita bila wewe kujua. Nilichora alama ya wino kwenye ukingo wa kitako, na ni alama hiyo pekee inayogusa ubao wa kuongozea tangu mwanzo hadi mwisho. Rafu za ubao wa nne ziliingia kwa kugongwa kwa kiganja, zikabaki palepale nilipoligeuza kabati juu chini.

Fremu ya mbele niliifanya kwa mbao ngumu ya msaji, na hapo ndipo woga wangu uliponigharimu kwa namna nyingine. Niliisukuma mashine polepole sana, nikisimama kila nilipotaka kutengeneza miguu yangu, nikiamini kwamba mwendo wa taratibu ndio mwendo wa usalama. Nilipomaliza, kingo zilikuwa na mabaka meusi ya kuungua, na harufu ya moshi ilibaki chumbani hadi jioni. Biti yenye makali mawili inayozunguka mara 20,000 kwa dakika hugonga mbao mara 40,000. Ukisukuma mita 3 kwa dakika kila kali linakata unyoya wa milimita 0.075, lakini ukisukuma sentimita 60 kwa dakika unyoya unakuwa milimita 0.015, na hapo chuma hakikati tena bali kinasugua. Msuguano unaleta joto, joto linaulainisha utomvu ukagandamana kwenye makali, na makali yaliyogandamana yanasugua zaidi. Sasa ninatazama kinachotoka chini ya mashine: nikiona maranda madogo ninajua ninakata, nikiona unga laini kama wa nafaka ninajua ninachelewa au biti imekufa makali. Baka la kuungua nililiondoa kwa kukata tena nusu milimita kwa mwendo wa haraka zaidi, kwani msasa pekee ulinichosha bila kuliondoa.

Msaji pia ulinifundisha tofauti ya vyuma. Una chembechembe za silika ndani yake, yaani kitu kilekile kilichomo katika mchanga, na biti yangu ya chuma cha haispidi, yaani chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya kukatia kwa kasi, ilipoteza makali kabla sijamaliza upande mmoja wa fremu. Biti yenye makali ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma, ilimaliza fremu nzima. Chuma cha haispidi hunoleka kwa wembamba mzuri na hukata mbao laini kwa usafi, lakini kwa plaiwudi, ambayo tabaka zake zimeunganishwa kwa gundi ngumu, na kwa mbao za unga ulioshindiliwa, sioni sababu ya kutumia kitu kingine zaidi ya kabaidi. Biti ya kali moja ina nafasi kubwa ya kutolea maranda na inakwenda haraka, ila inaacha ukuta wenye mikwaruzo. Ya makali mawili inaacha ukuta laini, nayo ndiyo ninayoitumia karibu siku zote.

Fremu ilihitaji matundu ya kuingizia ndimi, yaani ncha za mbao zilizochongwa ili zichomekwe, na tundu haliwezi kuanzia ukingoni. Lazima biti izame kutoka juu. Niliishusha biti nyofu katikati ya mbao, ikagoma, ikatoa moshi. Nilipoigeuza na kuitazama kutoka chini niliona kwamba makali yake yako pembeni tu, na katikati ya kitako chake hakuna kinachokata. Biti za kuzamisha zina kali linalovuka kitako chake, na dukani inatosha kuigeuza na kuitazama. Kama unayo isiyozama, unaweza kutoboa kwanza kwa keekee, au kuishusha mashine kidogokidogo huku ukiiendesha mbele na nyuma, ili ikate kwa mteremko.

Kwa matundu hayo baadaye nilipata biti ya msokoto inayovuta maranda juu, na sijutii. Tundu linabaki safi, biti haipati joto, na sakafu inatoka laini. Lakini nyuzi za juu ya plaiwudi huzinyofoa na kuacha vibanzi, na kwa kuwa inajivuta yenyewe kuelekea ndani ya mbao, koleti iliyochakaa haiwezi kuizuia. Ile inayosukuma maranda chini huacha uso wa juu ukiwa msafi kama umekatwa kwa wembe, ila katika mfuo wenye kina hujaza unga na kupata joto, hivyo safari ziwe fupi zaidi. Nyingi kati ya hizo ni za kabaidi tupu, na kabaidi ni ngumu lakini haivumilii kuanguka. Niliangusha moja kwenye sakafu ya saruji, na kona yake iliyonyofoka imeacha mstari katika kila mfuo niliokata nayo tangu hapo.

Utunzaji ni mwepisi kuliko nilivyotarajia. Utomvu ninauondoa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni na brashi ya shaba, ninakausha mara moja, na biti zenye beringi ninazipangusa tu bila kuzilowesha, kwa sababu maji yakiingia ndani ya beringi yanatoa grisi. Kunoa kidogo kunawezekana kwa jiwe la almasi, mradi unoe uso bapa wa ndani wa kali na usiguse kabisa mgongo wake wa nje, na kila kali lipate misuguo idadi sawa, ili yote mawili yaendelee kufanya kazi. Biti iliyonolewa hivyo hupungua kipenyo kidogo, na kwa mtu anayetegemea kijiti cha kupimia, kidogo hicho kina maana.

Ndiyo maana ule ubao wa kwanza, wenye mfuo uliotitia, sikuutupa. Umelala kando ya meza ya kazi, na kila ninaponunua biti au kuinoa, ninakata juu yake mfuo mmoja mfupi, ninaupima kwa kalipa, na kuandika upana wake pembeni kwa penseli. Biti yangu ya milimita 12 leo inakata 11.9, kwa hiyo rafu ya milimita 17.4 ingehitaji kijiti cha 5.5.